Amjuaye Mungu Hatupi Dawa



Kwa kawaida ukurasa huu huwaletea habari za malaria, chanjo, lishe ya watoto na uchimbaji wa vyoo. Mwezi huu tunaomba ruhusa tuseme juu ya jambo ambalo wengine watadhani ni kazi ya padre au katekista, nalo ni kumjua Mungu na kukua katika kumjua. Sisi wauguzi hatukusomea teolojia. Tulisomea kusafisha vidonda, kupima joto la mwili na kuwapokea watoto wanaozaliwa. Lakini jambo hili tumelikuta wodini, na linaua watu. Tena wanaokufa siyo watu wasiosali. Ni Wakristo wenye rozari shingoni, waliobatizwa, waliopata Kipaimara, na wengine ni viongozi wa jumuiya.

Sikilizeni jinsi inavyotokea.

Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zinatolewa bure hapa nchini. Mwenye virusi akimeza dawa zake kila siku bila kuruka, virusi hupungua damuni mpaka mashine ya maabara inashindwa kuvihesabu. Karatasi inarudi kutoka maabara ikisema kwamba virusi havionekani. Hii ni habari njema kabisa. Mtu huyo ana nguvu, analima kahawa yake kule Umatengo au anavua usipa wake ziwani, mama anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi, na maadamu anaendelea na dawa hamwambukizi mwenzake wa ndoa. Sisi wenyewe tukiona karatasi ya namna hiyo hufurahi, tukampa mkono mgonjwa.

Lakini virusi havijakwisha. Vimejificha mwilini, mfano wa kaa la moto lililofunikwa na majivu jikoni usiku. Ukiangalia kwa macho huoni kitu, lakini asubuhi mama akifukua majivu na kupuliza, moto unawaka. Dawa ndiyo majivu yenyewe. Ukiiondoa, kaa lipo.

Sasa mgonjwa wetu anatoka na karatasi yake. Jioni kuna mkutano wa maombezi. Vipaza sauti vimefungwa, kinanda kinalia, watu ni wengi. Anasimamishwa mbele, karatasi inainuliwa juu, na mhubiri anatangaza kwamba hospitali yenyewe imekiri: virusi havionekani! Watu wanashangilia, wengine wanalia kwa furaha. Kisha anaambiwa kwamba mtu aliyeponywa akiendelea kumeza vidonge anamtilia Mungu mashaka. Basi anakwenda nyumbani na kuvitupa chooni.

Haichukui muda mrefu. Kwa majuma machache virusi vinaanza kuongezeka tena, askari wa mwili wanapungua, na baada ya miezi kadhaa tunamwona analetwa amekaa katikati, kati ya dereva wa bodaboda na ndugu yake anayemshika asianguke. Amekonda, mdomo umejaa utando mweupe, anakohoa. Wengine tunawarudisha, kwa neema ya Mungu na kwa dawa. Wengine tunawafumba macho.

Mama mmoja wa vijiji vya ziwani aliletwa kwetu katika hali hiyo. Tulipomwuliza aliacha dawa lini, alijibu kwa sauti ndogo, "Sista, ningemezaje tena? Nilikwisha kushuhudia mbele za watu. Kumeza ni kumfanya Mungu mwongo." Jibu hilo halikutoka kwa mtu mjinga wala mzembe. Alimpenda Mungu, akataka kumtetea heshima yake hata kwa kuhatarisha maisha. Tatizo ni kwamba Mungu aliyekuwa anamtetea hakuwa yule Baba wa Yesu Kristo. Alikuwa mungu mwenye hasira za haraka, anayekasirishwa na kidonge.

Jambo hilo halina mpaka wa UKIMWI. Dawa za kifua kikuu humezwa kwa miezi 6 kwa kawaida. Baada ya miezi 2 hivi kikohozi kinatulia, uzito unarudi, mgonjwa anaona amepona. Hapo ndipo ushuhuda unapotolewa na dozi inapoachwa, na wale wadudu waliobaki wanajifunza kuishinda dawa. Kifua kikuu kikirudi kikiwa sugu, matibabu yake ni magumu zaidi, na huenda mgonjwa amekwisha kuwaambukiza watoto ndani ya nyumba. Wa presha na wa kisukari nao ni vivyo hivyo.

Tena kuna kifafa. Hiki kinatuuma sana, maana wengi wa wagonjwa ni watoto. Mtoto akianguka na kutoa povu, jibu la kwanza la ukoo ni pepo, na jibu la pili ni laana ya mababu. Vidonge vya kifafa vipo, bei yake si kubwa, na mgonjwa akivimeza kila siku wengi hutulia na kurudi shuleni. Lakini anapelekwa akaombewe, dawa inasimamishwa siku ileile, na kusimamisha ghafla ndiko kunakoleta degedege mfululizo ambazo zinaweza kumwua. Asipokufa kwa degedege, huanguka motoni, na kwa wenzetu wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay huanguka majini akiwa anateka au anavua. Mwaka 1960 daktari mmoja mama kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa kule Mahenge, mkoa jirani wa Morogoro. Alikuta wagonjwa wametengwa, wanakula peke yao, kwa kuwa watu waliogopa mate yao. Alipowapa dawa, wengi wao wakaweza tena kukaa na wenzao. Ni zaidi ya miaka 60 sasa, na bado tunapokea watoto wenye makovu ya moto usoni.

Tusikimbilie kumlaumu mhubiri peke yake

Ni rahisi kusema kwamba wahubiri wa mikutano ndio wabaya, na tukaishia hapo. Wapo walio wabaya kweli, wanaouza maji na mafuta kwa bei ya gunia la mahindi. Wapo pia wanaoamini wanachosema. Na tukubali kwamba vikundi vya maombezi vya Kikatoliki navyo havikuepuka kabisa jambo hili, ingawa Kanisa limeeleza vizuri. Tarehe 14 Septemba 2000 Idara ya Mafundisho ya Imani kule Roma, chini ya Kardinali Ratzinger aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa Kumi na Sita, ilitoa maelekezo juu ya sala za kuomba uponyaji. Ilisema waziwazi kwamba kusali hakumzuii mtu kutumia njia za kawaida za tiba, bali kunamhimiza azitumie. Ilionya pia juu ya makelele na maigizo katika sala za namna hiyo. Ingefaa maelekezo hayo yasomwe katika kila kikundi cha maombezi, na si mara moja tu.

Swali letu liko nyuma zaidi. Kwa nini mtu aliyelelewa katika Kanisa tangu utoto, mjukuu wa wale waliofundishwa na Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898, anayumbishwa na mkutano wa jioni moja?

Sisi tunaona sababu ni hii. Wengi wetu tulijifunza habari za Mungu, tukakaririshwa maswali na majibu, tukapimwa na katekista, tukapokea Komunyo ya kwanza na Kipaimara. Halafu tukasimama pale pale. Mwili uliendelea kukua, elimu iliendelea, biashara na mashamba ya kahawa yaliongezeka, lakini imani ilibaki na umri wa miaka 12. Sasa mtu mzima wa miaka 45 anapatwa na ugonjwa mkubwa. Anakwenda kabatini kutafuta imani yake aivae, anakuta ni lile shati jeupe la Komunyo ya kwanza. Halimwingii. Ndipo akisikia vipaza sauti huko nje anakwenda kutafuta shati jingine, na hatuwezi kushangaa.

Kujua habari za mtu na kumjua mtu ni mambo mawili. Sisi tunaweza kusoma faili la mgonjwa lote, uzito wake, presha yake, dozi zake, na bado hatumjui. Tunaanza kumjua usiku wa tatu, anaposhindwa kulala, anapotueleza juu ya mtoto wake aliyekwenda Songea na hajapiga simu. Kumjua mtu kunataka kukaa naye. Ndivyo ilivyo kwa Mungu pia. Ayubu, baada ya mateso yake yote na maneno mengi ya rafiki zake, alikiri kwamba zamani alikuwa amesikia tu habari za Mungu kwa masikio, na sasa ndipo amemwona. Na angalieni, alisema hivyo kabla hajarudishiwa mali yake. Alikuwa bado majivuni.

Yupo na yule kipofu wa sura ya 9 ya Injili ya Yohane. Tunampenda sana, kwa sababu alikua imani kidogo kidogo kama mgonjwa anavyopata nafuu. Mwanzo alipoulizwa nani amemponya, alijibu kwamba ni mtu aitwaye Yesu, basi. Baadaye akasema ni nabii. Walipomkaza zaidi akasema mtu huyu lazima ametoka kwa Mungu. Mwisho, alipokwisha kufukuzwa, Yesu akamtafuta, naye akapiga magoti na kumsujudia. Macho yake yalifunguka siku moja, lakini moyo wake ulichukua muda. Wengine siku hiyo waliuona muujiza uleule na hawakumjua Mungu hata kidogo. Pia mwanzoni mwa sura hiyo wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake, na Bwana anakataa swali lenyewe. Swali hilo bado linaulizwa kwenye vitanda vyetu kila juma.

Watu wa Umatengo wanaelewa jambo la kukua polepole kuliko wengi. Angalieni ngoro zetu. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatizana, wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuyafunika, na majani yanaoza chini taratibu. Mvua ikija, maji yanatulia mashimoni badala ya kubomoa mlima. Mgeni akipita baada ya siku tatu haoni kitu, anaona mashimo matupu mlimani. Lakini kwa kazi hiyo isiyoonekana wazee wetu wamelima miinuko mikali kwa vizazi vingi bila kuimaliza rutuba. Kahawa nayo, tangu kupanda mche mpaka kuchuma kwa mara ya kwanza, inataka kama miaka mitatu. Hatujamwona mkulima wa Mbinga anayeng'oa mche wake mwezi wa pili kwa kuwa haujazaa. Sasa kwa nini tunamtaka Mungu atoe kila kitu leo jioni, na asipotoa tunahamia kwingine?

Tulishawahi kuliona taifa zima likiwa na haraka hiyo. Mwaka 2011 watu walitoka kila pembe ya nchi, na wengine Kenya, wakaenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile. Kikombe kimoja cha dawa ya mizizi kilikuwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na wapo wagonjwa waliofia njiani wakingoja. Mzee huyo alifariki mwaka 2021, nasi hatumhukumu; bei yake haikuwa ya mtu mwenye tamaa. Tunachokumbuka ni wale walioacha dawa zao za kila siku kwa sababu ya kikombe kimoja. Kidonge cha kila siku kinachosha, hilo tunalijua. Kinakukumbusha kila asubuhi kwamba wewe ni kiumbe dhaifu. Kikombe kimoja kinakuahidi kwamba utasahau. Na sala ya kila siku nayo inachosha vivyo hivyo.

Wengine hudhani kwamba aliyekua kiroho husikia joto moyoni kila anaposali, na wasiposikia wanaona Mungu amewaacha. Mwaka 2007 barua za Mama Teresa wa Kolkata zilitolewa katika kitabu, na dunia ikashangaa kujua kwamba kwa miaka mingi sana hakuhisi chochote katika sala, ila giza. Hata hivyo kila asubuhi aliamka, akasali, akaenda kuwaosha wagonjwa. Kanisa lilimtangaza Mtakatifu mwaka 2016. Sisi tunaofanya zamu za usiku tulifarijika sana kusoma habari hizo.

Biblia inasema nini juu ya mganga na dawa?

Wagonjwa wengi hawajui kwamba lipo Neno la Mungu juu ya jambo hili. Mwenye Biblia ya Kikatoliki afungue kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, mistari 15 ya kwanza. Ndugu zetu wa madhehebu mengine wengi hawana kitabu hiki katika Biblia zao, na hiyo ni sababu moja zaidi ya sisi tulio nacho kukisoma. Mzee huyu mwenye hekima anafundisha kwamba daktari aheshimiwe, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka. Kwamba Bwana ndiye aliyezitoa dawa katika ardhi, na mwenye akili hazidharau. Kisha anaweka utaratibu wa mgonjwa: asali, aache dhambi, atoe sadaka yake, halafu ampe daktari nafasi yake. Na daktari naye anasali, anasema, ili Mungu amjalie kutambua ugonjwa na kuutibu.

Sala na dawa zimewekwa pamoja katika maneno hayo. Msamaria mwema naye alimwaga divai na mafuta kwenye vidonda, akavifunga, akalipa gharama za kulala. Hatusomi kwamba Bwana alimlaumu kwa kukosa imani.

Na sakramenti tunayo, ile ya Mpako wa Wagonjwa. Hapa tuseme kidogo kwa masikitiko. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulishasema mwaka 1963 kwamba sakramenti hii si ya wanaokata roho tu, na mwaka 1972 Papa Paulo wa Sita akaiwekea utaratibu mpya. Ni ya mtu yeyote aliyeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Lakini bado padre akionekana getini ameshika mafuta, ukoo mzima unaanza kulia, na kuna waliokwisha kumficha mgonjwa ili padre asimwone! Matokeo yake mafuta ya Kanisa yanaitwa wakati mgonjwa hawezi tena kusema hata Amina, na mafuta ya mkutanoni anapakwa akiwa bado mzima. Waamini wetu wana njaa ya kuwekewa mikono. Tuwawekee mapema, kama Mtakatifu Yakobo alivyoagiza katika sura ya 5 ya barua yake.

Jumuiya zinazojua kuzika

Sasa tuseme neno ambalo huenda litawaudhi baadhi ya wasomaji. Jumuiya zetu ndogo ndogo zinajua kuzika kuliko kuuguza.

Mtu akifa, ndani ya saa moja vijana wamekwisha kwenda kuchimba kaburi, akina mama wa WAWATA wameleta kuni, maji na unga, daftari la michango limefunguliwa, kwaya imeitwa. Ni jambo zuri na la Kikristo. Lakini mtu huyohuyo alilazwa majuma sita, na katika majuma sita hayo tulimwona ndugu yake mmoja tu, aliyechoka, akilala chini ya kitanda kwenye kipande cha kanga. Nani alikuja kutoka jumuiya? Mara nyingine hakuna. Ila yule mhubiri tunayemlaumu alikuja. Alikaa kitandani, akamshika mkono, akamwita kwa jina, akamwombea kwa machozi. Tukimwuliza mgonjwa kwa nini amehama, hatatujibu kwa hoja za dini. Atasema, "Wale walikuja kuniona."

Hapo ndipo kumjua Mungu kunapopimwa. Nabii Yeremia, katika sura ya 22, anamsema mfalme mmoja aliyejijengea nyumba kubwa ya mierezi, akimlinganisha na baba yake Yosia. Anasema Yosia aliwatetea maskini na wahitaji, kisha anauliza kwa niaba ya Mungu kama huko siko kumjua Yeye. Nabii haulizi Yosia alikariri mangapi. Mtakatifu Benedikto naye, katika sura ya 36 ya Kanuni yake, aliagiza kwamba wagonjwa watangulizwe kuliko yote na wahudumiwe kama Kristo mwenyewe. Ndiyo maana wamonaki na masista walipokuja huku kwetu walijenga zahanati karibu na kanisa. Hospitali za Peramiho na Litembo zimetokana na mbegu hiyo, na ufukweni wenzetu Waanglikana walifanya hivyohivyo kwa Hospitali ya Mtakatifu Anna pale Liuli.

Kwa hiyo tukiulizwa mtu afanye nini ili akue katika kumjua Mungu, ushauri wetu ni wa kiuguzi, nao ni mfupi. Soma Injili kidogo kila siku, saa ileile, kama mgonjwa anavyomeza dozi. Usisome sura kumi leo halafu ukae mwezi mzima. Shiriki Ekaristi. Pokea Kitubio kabla kidonda hakijaoza. Na kila juma mtembelee mgonjwa mmoja asiye ndugu yako. Hilo la mwisho litakufundisha mengi, maana kitandani hakuna mahali pa kujificha. Utaulizwa kwa nini Mungu ameruhusu, nawe hutakuwa na jibu, na utalazimika kurudi kwa Mungu mwenyewe ukamwulize.

Ukimtembelea mwenye dawa za kila siku, usimwulize ana ugonjwa gani. Ni siri yake. Mwulize kama amekula, kama ana nauli ya kwenda kliniki, kama anahitaji mtu wa kumsindikiza. Tangu lami ifike Mbamba Bay safari ya kupanda Mbinga imekuwa rahisi, lakini kuna vijiji vya ziwani na vya milimani ambako mtu bado anatembea nusu siku kufuata vidonge, na masika yakikolea anakata tamaa. Jumuiya ikimchangia nauli akiwa hai itapunguza ule mchango wa jeneza. Kaka, dada, sali naye. Mwekee mkono begani. Mwambie kwamba Mungu anampenda leo hii, akiwa na kidonge mkononi.

Na wewe uliyekwisha kuacha dawa, kwa sababu yoyote ile, uliyeshuhudia mbele za watu na sasa unaona haya kurudi: rudi. Njoo na kadi yako kama unayo, na kama uliichoma moto njoo bila kadi, jina lako litatafutwa kwenye daftari. Usianze kumeza vidonge vilivyobaki bila kuonwa, wala usiazime vya jirani, kwa kuwa inabidi upimwe kwanza tujue hali ya mwili. Mzazi wa mtoto mwenye kifafa, nawe vivyo hivyo. Ukikutana na muuguzi mwenye ulimi mkali, na wapo, omba kuonana na mkubwa wa zamu. Usigeuke nyumbani.

Tarehe 11 Februari ni Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyowekwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992, miaka miwili tu baada ya yeye mwenyewe kufika Songea. Tunawaomba wenyeviti wa jumuiya wasingoje siku hiyo ifike. Andikeni sasa majina ya wagonjwa na wazee wote wa eneo lenu, pamoja na wale waliohama Kanisa, mkampelekee paroko ili apange siku za Mpako na Komunyo nyumbani. Wasio na mtu wa kuwaletea chakula hospitalini, tuambieni sisi wa zamu, nasi tutawaonyesha wodi na kitanda. Saa za kuona wagonjwa zimebandikwa getini.

Mwezi ujao tutarudi kwenye kichocho, hasa kwa watoto wanaooga ziwani.